Mwongozo Usipojibu: Utatuzi wa Matatizo ya Kurasa za man kwa Wasimamizi wa Mifumo na Watayarishaji Programu

Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilikatika kwa pamoja, na kwa siku kadhaa Nairobi ikafanya kazi kwa intaneti ya kusuasua. Kijana niliyekuwa naye zamu katika chumba cha seva kando ya Barabara ya Ngong alikuwa na kazi moja tu: kurekebisha ratiba ya kutengeneza nakala rudufu za data, ambayo ilikuwa imegoma kwa siku tatu mfululizo. Kila ukurasa aliojaribu kuufungua kwa simu ulizunguka bila kufunguka. Nilimshauri asome mwongozo uliomo ndani ya seva yenyewe, yaani kurasa za maelezo zinazofunguliwa kwa amri ya `man`, naye akanijibu kwa upole, "Mwalimu, nimejaribu tangu asubuhi. Hii mashine haina mwongozo."

Alisema kweli, lakini hiyo ilikuwa dalili ya kwanza tu kati ya kadhaa zilizopangana, na kila tulipoiondoa moja tuliikuta nyingine nyuma yake. Ninaandika maelezo haya nikifuata dalili hizo, pamoja na nyingine nilizozikuta kwa wanafunzi na wafanyakazi wenzangu, kwa sababu naamini kwamba anayejua kuutengeneza mwongozo unapoharibika hatakwama siku intaneti itakapokatika tena. Mifano mingi ni ya Linux ya jamii ya Debian na Ubuntu, ambayo ndiyo ninayoitumia kila siku. Jamii nyingine nitazitaja pale zinapotofautiana.

Kabla ya kutengeneza chochote, jua kwanza hitilafu iko upande gani. Amri moja hutosha kukuonyesha pa kuanzia:

`man -w crontab`

Amri hii haiufungui ukurasa wa `crontab`, programu ya kupanga kazi zinazojirudia kwa ratiba, bali inakuambia faili lake liko wapi, kwa mfano `/usr/share/man/man1/crontab.1.gz`. Ikitaja faili, basi mwongozo upo, na tatizo lako ni la sehemu, la skrini, la toleo au la usomaji. Ikitoa kosa tu, basi ukurasa haupo kabisa, au upo mahali ambapo hapatafutwi.

Dalili: mfumo unasema umepunguzwa, au "No manual entry for..."

Kwenye seva ya yule kijana, amri ya `man` haikutoa hata kosa la kawaida. Ilitoa maelezo yanayoanza na maneno "This system has been minimized". Huu ni ujumbe wa Ubuntu iliyopunguzwa, ambayo hutumiwa sana kwenye seva pepe na kontena. Watengenezaji wake walidhani kwamba hakuna mtu atakayeingia humo na kuketi kusoma, kwa hiyo waliziondoa kurasa za mwongozo, wakaiagiza `dpkg`, programu inayosakinisha vifurushi, isizisakinishe tena, na mahali pa amri ya `man` wakaweka hati fupi inayotoa ujumbe huo. Ndiyo maana mtu anaweza kusakinisha kifurushi cha `man-db` mara tano na bado akapata jibu lilelile.

Dawa inayopendekezwa na ujumbe wenyewe ni amri ya `unminimize`, ambayo katika matoleo ya karibuni ya Ubuntu husakinishwa kama kifurushi cha peke yake. Ni dawa nzuri kama una intaneti ya kutosha, kwa sababu hupakua upya vifurushi vingi ili kurudisha yote yaliyoondolewa. Siku ile hatukuwa na uwezo huo. Tulifanya kazi ndogo zaidi kwa mkono: tulifungua faili la `/etc/dpkg/dpkg.cfg.d/excludes`, tukaweka alama ya `#` mbele ya mstari unaokataza `/usr/share/man/*`, kisha tukaiondoa ile hati iliyokalia nafasi ya `man` na kusakinisha upya kifurushi kimoja tulichokihitaji, cha `cron`, huduma inayotekeleza ratiba:

`sudo rm /usr/bin/man`
`sudo dpkg-divert --quiet --remove --rename /usr/bin/man`
`sudo apt-get install man-db`
`sudo apt-get install --reinstall cron`

Usitumie `rm` hiyo kwenye mashine ambayo haijatoa ujumbe wa kupunguzwa, kwa kuwa huko utakuwa unaifuta `man` yenyewe.

Kwa jamii ya Red Hat, hitilafu ya namna hii hutokana na maneno `tsflags=nodocs` katika `/etc/dnf/dnf.conf`, yaondoe, kisha tumia `dnf reinstall` kwa kifurushi unachokitaka. Kwa Alpine, mwongozo haukuondolewa bali haukuwekwa tangu mwanzo: sakinisha `mandoc` na `man-pages`, na ukumbuke kwamba kurasa za kila programu zimo katika kifurushi cha pembeni chenye jina linaloishia na `-doc`, kama vile `coreutils-doc`.

Mfumo ukiwa mzima na bado ukasema "No manual entry for", sababu huwa mojawapo ya mbili. Ya kwanza huwapata watayarishaji programu: kurasa zinazoeleza miito ya mfumo (maombi ambayo programu huyapeleka kwa kiini cha mfumo) na vitendakazi vya maktaba ya C hazimo katika usakinishaji wa kawaida wa Debian na Ubuntu. Zimo katika kifurushi cha `manpages-dev`, na mwanafunzi wa C ambaye hana kifurushi hicho anafanya kazi gizani. Sababu ya pili ni kwamba neno unalolitafuta si programu bali ni amri iliyomo ndani ya sheli, yaani programu inayopokea amri unazoziandika. Andika:

`type cd`

Ukijibiwa "cd is a shell builtin", basi maelezo yake utayapata kwa `help cd`, au ndani ya `man bash`. Hapa pana mtego ambao nimewaona wengi wakinaswa nao. Mtu anayeandika hati ya sheli anataka kujua jinsi ya kutumia `read` kupokea jibu la mtumiaji. Anaandika `man read`, na kwa kuwa mashine yake ina `manpages-dev`, anafunguliwa ukurasa wa wito wa mfumo wa `read`, wenye mabano, vielekezi na aina za data za C. Anadhani ni yeye asiyeelewa. Ukurasa huo ni wa kitu kingine kabisa chenye jina moja na anachokitafuta. Alichohitaji ni `help read`.

Dalili: kurasa zote zimepotea kwa mkupuo baada ya kusakinisha programu mpya

Jana zilikuwepo, leo hata `man ls` haifunguki. Mara nyingi sababu ni mstari mmoja ulioongezwa kwenye `~/.bashrc`, pengine kwa kufuata maelekezo ya programu iliyowekwa chini ya `/opt`:

`export MANPATH=/opt/programu/share/man`

Kigezo cha `MANPATH` kikiwekwa hivyo huchukua nafasi ya orodha yote ya kawaida badala ya kuongezea juu yake. Tiba ni nukta pacha moja. Ukiiweka mwishoni mwa thamani, saraka yako hutafutwa kwanza na zile za kawaida hufuata. Ukiiweka mwanzoni, saraka yako hutafutwa mwisho. Kwa kawaida hata hiyo haihitajiki, kwa sababu `man` huiangalia `PATH` yako, yaani orodha ya saraka za programu, na kutafuta kurasa jirani na saraka hizo: ikiwa `/opt/programu/bin` imo katika `PATH`, `/opt/programu/share/man` hutafutwa yenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuufuta mstari huo, kufungua terminali upya, na kuandika `manpath` ili kuona orodha inayotumika.

Dalili: apropos inajibu "nothing appropriate"

Amri ya `apropos`, ambayo ni sawa na `man -k`, haisomi kurasa zenyewe. Husoma faharasa iliyokusanywa kutokana na ule mstari mmoja wa maelezo ulio chini ya kichwa NAME katika kila ukurasa. Faharasa isipojengwa, kila swali hujibiwa kwamba hakuna kinachofaa. Ijenge kwa `sudo mandb`, usubiri kidogo, kisha ujaribu tena.

Kama faharasa ipo na bado hupati kitu, tatizo ni neno ulilolichagua. Mstari ule umeandikwa kwa Kiingereza na kwa msamiati wa watu wa Unix, na sisi tunaofikiri kwa Kiswahili huelekea kutafsiri wazo letu kwa neno la kwanza linalotujia. Anayetafuta namna ya kutengeneza nakala rudufu ajaribu `backup`, kisha `archive`, kisha `copy`, kisha `dump`, kabla ya kukata tamaa. Ikishindikana, `man -K` hutafuta ndani ya maandishi yote ya kurasa zote. Ni ya polepole, lakini huchimbua yaliyofichika. Napenda pia kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika `apropos -s 5 .` na kuisoma orodha yote inayotokea, kwa kuwa ni orodha ya miundo ya mafaili ambayo mashine yao inajua kuieleza, na karibu kila mmoja hugundua humo faili ambalo amekuwa akilihariri kwa kubahatisha.

Dalili: ukurasa unafunguka, lakini hauna unachokitafuta

Hii ndiyo dalili ninayoikuta mara nyingi kuliko zote, na ndiyo iliyotukabili pale `man` ilipoanza kufanya kazi. Kijana aliandika `man crontab`, akasoma ukurasa wote, akaniambia hauelezi maana ya zile nafasi tano zinazotangulia amri. Hakukosea. Ukurasa aliousoma ulikuwa `crontab(1)`, unaoeleza programu ya kuhariri ratiba. Muundo wa faili la ratiba umeelezwa katika `crontab(5)`.

Nambari ile kwenye mabano ni ya sehemu. Mpangilio huu ni wa tangu toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, la tarehe 3 Novemba 1971, lililoandaliwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani, ambalo lilikuwa na sehemu saba. Katika Linux ya leo, sehemu ya 1 ni ya amri za watumiaji wote, ya 2 ni ya miito ya mfumo, ya 3 ni ya vitendakazi vya maktaba, ya 4 ni ya vifaa, ya 5 ni ya miundo ya mafaili, ya 6 ni ya michezo, ya 7 ni ya mada za jumla, na ya 8 ni ya amri za usimamizi. Usipotaja sehemu, `man` hufuata mpangilio wake wenyewe, ambao katika Debian huanza na 1, kisha 8 na 3, muda mrefu kabla ya kuifikia 5. Kwa hiyo `man passwd` itakupa amri ya kubadilisha nywila, huku ulichotaka kikiwa maana ya safu saba za `/etc/passwd`. Na `man printf` itampa mtayarishaji programu wa C ukurasa wa amri ya sheli, huku kitendakazi chake kikiwa katika sehemu ya 3.

Ukitilia shaka, anza na `man -f crontab`, ambayo huorodhesha kurasa zote zenye jina hilo na sehemu zake, kisha ufungue unaoutaka kwa `man 5 crontab`. Kwa msimamizi wa mfumo ninaweza kusema bila kusita kwamba sehemu ya 5 ndiyo yenye thamani kubwa zaidi na ndiyo isiyosomwa: `fstab(5)`, `sshd_config(5)`, `sudoers(5)`, `systemd.unit(5)`.

Tulipoufungua ukurasa unaostahili, ulijibu kila kitu. Mstari uliokuwa ukigoma ulikuwa huu:

`0 2 * * * tar czf /srv/nakala/data-$(date +%F).tar.gz /srv/data`

Ukiandikwa kwenye terminali bila zile nafasi tano, unafanya kazi vizuri. Ukiwekwa kwenye ratiba, hautoi kitu. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha amri ikiwa imekatwa katikati, ikiishia na `date +`, na chini yake maneno "No MTA installed, discarding output", yaani kosa lilitolewa lakini hapakuwa na huduma ya barua ya kulipeleka kwa mtu. Katika `crontab(5)` imeandikwa kwamba alama ya asilimia katika sehemu ya amri hugeuzwa kuwa mwisho wa mstari, isipokuwa itanguliwe na mkwaju wa nyuma. `%F` ikawa `\%F`, na tatizo la siku tatu likaisha kwa herufi moja.

Kwa kuwa tuko kwenye ukurasa huo, nitaje mambo mengine mawili yaliyomo ambayo huwagharimu watu. Kwanza, ukiweka masharti kwenye siku ya mwezi na pia kwenye siku ya wiki, `cron` hutekeleza amri siku yoyote inayotimiza sharti mojawapo. Kwa hiyo `0 2 1-7 * 1` haimaanishi Jumatatu ya kwanza ya mwezi, bali inamaanisha tarehe 1 hadi 7 zote pamoja na kila Jumatatu. Pili, nafasi ya saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, kutoka 0 hadi 23. Kwetu sisi tunaohesabu saa za Kiswahili hili si jambo dogo: saa nane usiku ni 2, wala si 8, na nimewahi kuona ratiba iliyowekwa 8 kwa nia ya saa nane usiku ikianza kunakili data saa mbili asubuhi, wakati ofisi nzima inaingia kazini na seva inahitajika na kila mtu.

Hata baada ya marekebisho hayo, nakala ya kwanza ilitengenezwa saa kumi na moja alfajiri. Seva ilikuwa kwenye saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu mwaka mzima. Tuliandika `sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`, kisha tukaianzisha upya `cron`, kwa kuwa haichukui badiliko hilo hadi ianzishwe upya.

Dalili: ukurasa umejaa alama za ajabu

Ukiona `<E2><80><90>` au `<E2><80><99>` mahali palipostahili kuwa na kistari au alama ya kudondoa, ukurasa umeandaliwa kwa UTF-8, mfumo wa kusimbia herufi za lugha zote, lakini programu ya `less`, ambayo ndiyo inayouonyesha, inadhani terminali yako haiifahamu. Andika `locale` uone thamani zake. Zikiwa `C` au `POSIX`, `export LC_ALL=C.UTF-8` hutosha kwa siku hiyo.

Onyo "can't set the locale" lina asili nyingine, na hapa Kenya linaweza kumpata mtu aliyefanya jambo jema kabisa la kuiweka kompyuta yake katika Kiswahili. Mazingira ya `sw_KE` yamo katika Linux. Tatizo ni kwamba unapoingia kwenye seva kwa `ssh`, kompyuta yako mara nyingi hutuma thamani za lugha huko, na seva ambayo haijawahi kutengenezewa `sw_KE` hulalamika. Usikimbilie kurudisha kompyuta yako kwenye Kiingereza. Kwenye seva, fungua `/etc/locale.gen`, ondoa alama ya `#` mbele ya mstari wa `sw_KE`, kisha uandike `sudo locale-gen`. Kurasa zitaendelea kuonekana kwa Kiingereza pale ambapo hakuna tafsiri, lakini onyo litakoma.

Kuna dalili moja ya siri zaidi: unanakili chaguo kama `--exclude` kutoka kwenye ukurasa, unalibandika, na programu inalikataa ingawa kwa macho halina kasoro. Mwaka 2023, toleo la 1.23 la groff, ambayo ndiyo inayozipanga kurasa hizi, lilianza kuonyesha kistari kilichoandikwa kikawaida kama kistari cha uchapaji, ambacho kwa kompyuta ni herufi nyingine. Baadhi ya wasambazaji, Debian wakiwemo, walilizuia badiliko hilo katika vifurushi vyao. Kwingine, kichape kistari kwa mkono. Sababu hiyohiyo huweza kufanya utafutaji wa `/--exclude` ndani ya ukurasa usifanikiwe.

Kuhusu utafutaji, usisome ukurasa mrefu kwa kushuka mstari mmoja mmoja. Unapotaka maelezo ya chaguo la `-s`, andika `/^ *-s`, ambayo hutafuta mistari inayoanza na chaguo hilo na kuiruka mistari inayolitaja tu katikati ya sentensi. Herufi `n` hukupeleka kwenye linalofuata.

Dalili: ukurasa unasema hivi, mashine inafanya vile

Hapa swali la kuuliza ni kama ukurasa na programu ni ndugu. Watayarishaji programu wengi mjini hapa huandika kazi yao kwenye Mac na kuipeleka kwenye seva ya Linux, na zana zenye jina moja pande hizo mbili zina koo tofauti: za Mac nyingi ni za BSD, za Linux ni za GNU. Amri ya `sed -i 's/a/b/' faili.txt` hufanya kazi kwenye seva, lakini kwenye Mac hutoa "invalid command code f", kwa sababu `sed` ya BSD hudai kiambishi cha jina la nakala baada ya `-i`, ikachukua maelekezo yako kuwa kiambishi na jina la faili kuwa maelekezo. Ukurasa wa kila mashine umeeleza hilo wazi. Aliyesoma ukurasa wa mashine nyingine kwenye intaneti ndiye anayepotea.

Ndani ya mashine moja pia mgongano hutokea. `man echo` inaeleza programu ya `/bin/echo`, lakini unachokitumia ukiandika `echo` ni amri ya sheli yako. Hati inayotekelezwa na `sh` kwenye Ubuntu huendeshwa na sheli iitwayo dash tangu toleo la 6.10, na huko `echo -e` huichapisha `-e` yenyewe kwenye skrini. Tumia `printf`, ambayo hulingana kila mahali.

Dalili: programu ya C inakataa ingawa umeifuata mifano ya ukurasa

Kichwa cha SYNOPSIS, chenye muhtasari wa jinsi kitendakazi kinavyoitwa, kinapaswa kusomwa herufi kwa herufi, kwa sababu kila mstari wake ni sharti. Kompaila ikisema "implicit declaration of function" kuhusu `asprintf`, tazama juu ya jina la kitendakazi hicho na utakuta `#define _GNU_SOURCE`. Mstari huo lazima utangulie `#include` ya kwanza kabisa katika faili lako; ukiuweka chini yake haufanyi kazi. Zamani hili lilikuwa onyo tu ambalo wanafunzi walilipuuza. Tangu toleo la 14 la kompaila ya GCC, lililotoka 2024, ni kosa linalozuia programu kukamilika. Ukiambiwa "undefined reference to `sqrt'", ukurasa umekwisha kukutajia maktaba ya `-lm`, nawe iweke mwishoni mwa amri, baada ya jina la faili lako.

Lakini masharti ya SYNOPSIS hujitangaza yenyewe, kwa kuwa kompaila hukataa. Yaliyo chini ya RETURN VALUE hayajitangazi, na huko ndiko ninakowasihi wanafunzi wakae. Mmoja wao aliandika programu ya kupokea data kupitia mtandao, ikiomba baiti 4096 kwa kila wito wa `read` na kuamini kwamba zimefika zote. Darasani, ambapo programu zote mbili zilikuwa kwenye kompyuta moja, haikukosea hata mara moja. Alipoijaribu kupitia intaneti ya simu, kumbukumbu zilianza kufika zikiwa nusu. `read(2)` inasema kwamba si kosa idadi ya baiti zilizorudishwa kuwa ndogo kuliko iliyoombwa. Mwandishi wa programu ndiye anayepaswa kurudia hadi ziishe. Sentensi hiyo alikuwa ameipita kwa sababu alisoma ukurasa hadi mahali pa mfano wa matumizi, akanakili, akaufunga. Vivyo hivyo, `errno` (kigezo kinachobeba nambari ya kosa) ina maana pale tu wito uliposhindwa, na wito mwingine wowote unaoufanya kabla ya kuisoma, hata wa kuchapisha ujumbe, unaweza kuibadilisha. Ihifadhi kwanza.

Dalili: ukurasa wenyewe una kosa

Hutokea, ingawa si mara nyingi kama tunavyodhani tukiwa na hasira. Ukijiridhisha kwamba sehemu ni ile, toleo ni lile, na programu ni ileile, tazama mstari wa mwisho wa ukurasa uone tarehe, kisha uulize ni kifurushi gani kimeuleta:

`dpkg -S "$(man -w 5 crontab)"`

Kurasa za sehemu za 2 na 3 nyingi hutoka kwenye mradi wa Linux man-pages, ambao Michael Kerrisk aliusimamia kwa miaka mingi kuanzia 2004 kabla ya Alejandro Colomar kuupokea. Nyingine hutoka kwa waandishi wa programu husika. Ukurasa ni maandishi ya kawaida yaliyobanwa, kwa hiyo unaweza kulipeleka pendekezo lako likiwa limekamilika badala ya kulalamika tu. Tengeneza nakala kwa `zcat`, uisahihishe kwa kihariri chako, uitazame jinsi itakavyoonekana kwa `man -l ./crontab.5`, kisha utoe tofauti ya nakala ya zamani na mpya kwa `diff -u` na kuituma kwa waliotajwa chini ya REPORTING BUGS, ukiambatanisha toleo la mfumo wako na amri uliyoitumia kuthibitisha kosa.